Boksi la Kiulizo la Harusi ya Sabra

Nyie wasichana mnaojifunza upishi leo mna mashine ya kupigia mayai. Mnatia, mnabonyeza, mnakwenda kuzungumza kwenye simu, na mkirudi povu limesimama kama pamba. Sisemi vibaya. Ningeipata mimi zamani ningeilaza kitandani na kuifunika shuka. Lakini sisi mayai tuliyapiga kwa mkono, bakuli tumelipakata, na mimi Zuwena wa mtaa wa Malindi niliyapiga kwa mdundo wa gemu.

Ndiyo, gemu. Msicheke, nnasema kweli.

Jiko langu lilikuwa chini ya nyumba ya Bi Thureya, dirisha lake linatazama kichochoro. Ng'ambo ya kichochoro, karibu kiasi cha kupokezana chumvi dirishani, palikuwa na ukumbi wa Bwana Sefu, fundi wa redio. Miaka ya themanini ikielekea mwisho, ndugu yake akamletea kutoka Dubai mashine ya gemu. Bwana Sefu akazisukuma redio za watu chini ya kitanda, akatia televisheni mbili ukumbini, na tokea siku hiyo kichochoro chetu hakikujua kimya. Watoto wakitoka skuli wanaingia pale, na hawatoki mpaka mama zao waje kuwavuta masikio.

Gemu waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kibwana kifupi kinachokimbia bila kuchoka. Juu ya kichwa chake yametundikwa maboksi ya manjano yenye alama ya kuuliza. Kibwana kinaruka, kinaligonga boksi kwa kichwa kutokea chini, na boksi linatoa kitu: ting! Mchana kutwa nlikuwa nikisikia muziki wa kukimbia, halafu ting, halafu watoto wanapiga kelele. Nami mkono wangu ukaufuata muziki bila kuniuliza. Muda wa mchezaji ukikaribia kwisha, muziki ule huenda mbio ghafla, na mkono wangu nao mbio, mayai yanapanda mpaka yanataka kutoka bakulini. Wateja wakiniuliza keki zangu zina nini hata zikawa nyepesi hivi, nawaambia ni mkono tu. Sikuwaambia kama mkono wenyewe anauendesha Bwana Sefu.

Aliyenieleza mambo ya boksi ni Sabra, mjukuu wa Bi Thureya, wakati huo mtoto wa skuli mwenye mdomo usiopumzika. Alisimama dirishani kwangu akingoja kipande cha keki kilichokatwa pembeni.

"Bi Zuwena, unajua kwa nini lina kiulizo?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hujui ndani mna nini mpaka uligonge."

"Na ukiligonga likawa tupu?"

Akanitazama kama niliyetukana. "Haliwi tupu! Likiwa na kiulizo haliwi tupu, Bi Zuwena. Tupu ni lililokwishagongwa, na hilo linageuka rangi, kiulizo kinafutika."

Nikampa kipande chake, naye akarudi mbio kuwatoa jasho wavulana kwenye gemu.

Sasa nikurudisheni nyuma kidogo, kwa sababu mtaniuliza mtu kama mimi nilijuaje sukari. Babu yangu alikuwa na mikarafuu Kidichi. Nyumbani kwetu walipika watu wengine, sisi tukala. Nilipoolewa nlikuwa sijui hata chai inaanza kwa maji au kwa majani. Mashamba yalikwisha kutwaliwa, mume wangu alikuwa mtu wa mshahara mdogo na njaa kubwa, basi ikanibidi nijifunze kazi. Aliyenifunza ni Bi Mize, mwanamke wa Tumbatu aliyekuwa akiuza kashata pale bandarini kwa wasafiri wa boti. Nilimwendea nikamwomba anifundishe. Akaniangalia mikono, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mikono hii imepata kushika nini, mwanangu?"

"Kitabu na kipepeo, Bi Mize."

"Basi kipepeo tutakitumia. Kapepee moto."

Kashata zangu za mwanzo zilikuwa ngumu hivi kwamba mchukuzi mmoja wa bandarini aliigonga yake ukutani ili aivunje. Chokaa ya ukuta ikapukutika, kashata ikabaki nzima. Akaja kunirudishia, ananambia kwa adabu kabisa, "Bibi, hii labda uwauzie wajenzi." Bi Mize hakunikemea. Alinifunza kusikiliza. Chukua kikombe cha maji baridi, dondosha tone la sukari inayochemka, halafu tega sikio. Ikilia *tup*, bado. Ikilia *kach*, kama ukucha juu ya kigae, epua haraka. Nyie mna vipimo vya joto, vizuri. Lakini siku kipimo kikivunjika, mnayo masikio.

Miaka ikenda. Watoto wa ukumbini kwa Bwana Sefu wakakua, wakaja wengine. Sabra akawa mwalimu, akifundisha skuli moja huko Amani. Na mmoja katika wavulana aliokuwa akiwatoa jasho, Idrissa, akawa fundi wa mitambo ya boti pale Malindi, kijana mrefu, mpole, mikono haikosi grisi. Siku moja asubuhi nikasikia kwamba wazee wa Idrissa wamekwenda kumposa Sabra na wamekubaliwa. Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni. Mchana wake Idrissa mwenyewe akasimama dirishani.

"Hodi, Bi Zuwena. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hongera! Nimeshasikia."

Hakuonekana kama mtu aliyepewa hongera. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza mwiba wa changu.

"Babake alimwuliza kama ameniridhia," akasema. "Amenyamaza."

"Si ndiyo kukubali kwa mwari? Ulitaka apige ngoma?"

"Najua, Bi Zuwena. Lakini Sabra huyo! Wewe umepata kumsikia Sabra amenyamaza?"

Kweli, mtoto yule tokea kuzaliwa hakuwahi kuulizwa jambo akanyamaza.

"Anaweza kuwa amenyamaza kwa furaha," akaendelea, "na anaweza kuwa amenyamaza kwa kumstahi babake. Mimi sitaki mke aliyenikubali kwa kustahi watu. Kama hanitaki, nitajitoa mwenyewe kabla ya nikahi, lawama zote nizibebe mimi, yeye asiguswe na neno la mtu."

"Basi mwulize."

"Nimwulize wapi? Bibi yake amekaa juu ya ngazi kama askari wa forodha."

Ilikuwa kweli. Bi Thureya hakuwa mtu wa mchezo. Harusi zote za Malindi zilipita mikononi mwake: yeye ndiye aliyekuwa akisema nani apike, nani apambe, nani akae mbele. Hakupata kuonekana akicheka. Watu walimwamkia kutoka mbali, ili salamu ifike kabla yao.

Idrissa akatoa kitu kilichofungwa kwenye leso, akakiweka dirishani. Nikafungua. Kilikuwa kile kishikio chenye vitufe, cha kuchezea gemu, kikongwe, waya wake umekatwa.

"Nimekiomba kwa Bwana Sefu," akasema. "Hiki ni cha mchezaji wa kwanza. Mwenye kukishika hiki ndiye anayeanza. Tulipokuwa tukicheza mimi na Sabra, kila siku nlikuwa nakikamata mimi, kwa sababu nlikuwa na mikono mirefu. Yeye ananambia, 'Idrissa, leo nianze mimi,' nami nakataa. Mpaka tukakua, hakuanza hata siku moja."

"Sasa unataka nikipike?"

"Nataka unifanyie boksi la kiulizo, Bi Zuwena. La kula, la manjano, litundikwe darini siku ya hina. Ndani ukitie hiki. Nitakaa kwa Bwana Sefu nisikilize. Akiligonga akacheka, nitajua. Akiliacha, nitajua pia."

Jamani, nlikuwa nimeshapika keki za tabaka, keki za umbo la msahafu uliofunguliwa, keki ya mtu mmoja aliyetaka ifanane na gari lake. Lakini kitu cha kutundikwa juu, kigongwe kutokea chini, kivunjike pale tu panapotakiwa kuvunjika, hilo sikuwahi kuona wala kusikia. Nikasema ndiyo papo hapo. Mdomo wangu nao una mbio.

Jambo la kwanza, nikavuka kichochoro kwenda kwa Bwana Sefu kuliona boksi lenyewe kwa macho. Bwana Sefu akawafukuza watoto kwenye televisheni moja, akanikalisha kwenye stuli, akanipa kishikio.

"Bonyeza hiki aruke."

Nikabonyeza, kibwana kikaruka, nami nikaruka nacho. Sikujijua. Kila kikiruka, mimi na stuli tunanyanyuka. Watoto wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Bi Zuwena, anaruka yeye, wewe kaa!" Nikaligonga boksi la kwanza: ting! Nikapiga ukelele uliomtoa mume wangu nyumbani akidhani nimeungua. Basi akatukuta, mke wake amekamata kishikio kwa mikono miwili, ushungi umeshuka mabegani, anasema, "Moja tu, moja tu tena, halafu nakuja kupakua." Mchana ule tulikula saa ya alasiri.

Nikajua sasa. Manjano ya boksi ni manjano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji, si ya limau. Nikaanza na rangi. Zafarani ni ghali, nikasema nitie bizari ya manjano, nani atajua? Kila aliyepita kichochoroni alijua. Mlinzi wa ghala la jirani alisimama dirishani akaniuliza kama biriani imeshaiva. Nikalitupa lile, nikaroweka zafarani kwenye marashi mawaridi, nikachanganya na ute wa yai na sukari ya unga. Ikatoka rangi ya kumfanya mtu atabasamu. Shikeni hilo: rangi ya chakula inaanza puani kabla haijafika machoni.

Kuta nikazifanya kwa kashata za ufuta, nyembamba na kavu, nikaziunganisha kwa sukari iliyopikwa, nikazipiga lipu ya ile sukari ya manjano, na kila upande nikauandika kiulizo cheupe. Shida ilikuwa chini. Kitako cha boksi kilitakiwa kiwe kama kioo: kibebe vilivyomo, halafu kikiguswa kwa nguvu kipasuke. Sukari tupu ndiyo inayofanya kioo, lakini wakati ule ilikuwa kaskazi, joto la kuyeyusha sabuni. Kioo changu cha mwanzo kiliganda vizuri, nikageuka kufunika chungu, nikirudi kimekuwa gundi.

Nikamwita Bi Mize. Alikuwa ameshazeeka, haoni vizuri, lakini aliingia jikoni, akavuta hewa, akasema, "Umeipika kama unayembembeleza mtoto. Iache ichemke! Na ndimu umetia?"

"Sikutia."

"Tia ndimu. Bila ndimu sukari inakumbuka ilikotoka, inarudi kuwa chembechembe. Na usiimimine mpaka karibu na wakati wake."

Nikatia ndimu. Nikaogopa haijatosha, nikaongeza.

Wa kujaribia nilimpata bila kumtafuta. Bwana Sefu alikuwa na kipara kinachong'ara kama sahani ya harusi, na alishikilia kwamba boksi la kiulizo hugongwa kwa kichwa, si vinginevyo. Nlikuwa nimempangia bibi harusi aligonge kwa ngumi, kwa heshima. Bwana Sefu akakataa katakata. "Sheria ni sheria," akasema, akavua kofia.

Tukalitundika boksi la jaribio kwenye boriti ya jikoni. Bwana Sefu akarudi nyuma, akasema bismillahi, akaruka. *Ko!* Boksi halikutikisika. Yeye akakaa chini polepole, uvimbe unapanda kwenye kipara mbele ya macho yetu, mkubwa kama yai la kanga.

"Vipi?" nikamwuliza.

"Zuri sana," akajibu, macho yake yanatazama pande mbili. "Ila punguza unene."

Nikapunguza. La pili halikumngoja aruke. Mvuke wa chungu changu uliligusa, Bwana Sefu alikuwa amesimama chini yake anatazama juu, mdomo wazi, anataka kusema "Mbona linatoa ja..." Njugu zote za jaribio zikamwingia kinywani. Bi Mize, kwenye stuli yake, akauliza, "Limevunjika? Limevunjika?" na alipojibiwa kwa sauti ya mtu anayetafuna, alicheka mpaka tukaogopa tutampoteza. La tatu likawa sawasawa. *Kach*, vipande vyembamba, njugu mvua, na Bwana Sefu mzima.

Ikabaki ruhusa. Nikapanda ngazi kwa Bi Thureya.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Keki ya tabaka tatu. Nyeupe."

"Naam, Bibi. Na siku ya hina kuna kitu kidogo kingine. Boksi."

"Boksi la nini?"

"La kiulizo."

"Linauliza nini?"

Nikababaika. "Haliulizi, Bibi. Linagongwa."

"Liwe lolote," akasema, "lakini likimwangukia mgeni wangu, Zuwena, hutopika tena harusi katika Malindi hii, na jiko lako utalihamishia kwengine."

Siku ya hina Bwana Sefu alipanda asubuhi kabla ya wanawake kukusanyika, akalitundika boksi katikati ya ukumbi, kwenye kulabu ya taa ya zamani, juu kidogo kuliko kichwa cha Sabra. Mimi nilikuwa nimemimina kioo changu mwishoni kabisa, kabla tu halijapandishwa, nikalijaza asumini, lozi, peremende za rangi, na kile kishikio katikati, kimefungwa utepe. Dirisha la ukumbi nikaliacha wazi. Ng'ambo, kwa Bwana Sefu, Idrissa alikuwa ameshakaa, televisheni zimezimwa, watoto wameambiwa wakanyamaze nje.

Wanawake wakaingia, udi ukafukizwa, nyimbo zikaanza. Mpango wangu ulikuwa Sabra aligonge boksi kwanza, halafu ndiyo apakwe hina. Nikashuka jikoni mara moja kuchukua sinia la visheti. Niliporudi, nusura sinia liniponyoke. Mpakaji hina alikuwa na haraka ya harusi nyingine, ameanza bila kungoja. Mikono yote miwili ya Sabra, kutoka ncha za vidole mpaka karibu na viwiko, ilikuwa imejaa hina mbichi. Miguu bado.

"Bi Thureya," nikasema kwa sauti ndogo, "boksi je?"

"Huoni mikono yake? Boksi tena basi. Litateremshwa, watu watagawana."

Nikamtazama Sabra. Alikuwa amekaa juu ya mkeka wake, kichwa kimeinama, macho chini, mikono amenyoosha juu ya mito kama si yake. Sura yake haikusema kitu. Hakuwa mtoto wa dirishani kwangu tena. Nikafikiri juu ya yule kijana kule ng'ambo, ameshikilia roho yake. Nilitaka kupiga kelele, "Umemkubali au hukumkubali?" Nani atauliza swali hilo mbele ya wanawake wote wa Malindi?

Bi Thureya akaashiria mtu alete ngazi ya kuteremshia boksi.

Hapo Sabra akanyanyua macho. Akalitazama boksi kwa mara ya kwanza, vizuri, upande mmoja na wa pili. Nikaona pembe ya mdomo wake inacheza.

"Bi Zuwena," akasema, "hili limefanywa ligongwe kwa kitu gani?"

Bibi harusi siku ya hina hazungumzi.

"Kwa mkono, mwanangu."

"Nani aliyekwambia boksi la kiulizo hugongwa kwa mkono?"

Akasimama. Bi Thureya akasema, "Sabra!" Sabra akafungua mikono yake kama ndege anayekausha mbawa, hina isimguse mtu, akapita katikati ya mashangazi zake, akasimama chini ya boksi, akalipima kwa jicho. Halafu akaruka.

*Kach!*

Sijapata kusikia mlio mzuri kama ule katika maisha yangu ya kazi. Kioo kikapasuka chote, asumini zikamwagika kichwani na mabegani, peremende zikakimbia chini ya miguu ya watu, lozi zikaruka mpaka kwenye chetezo. Kishikio kikaanguka mkekani mbele yake. Hawezi kukiokota, mikono ina hina. Akapiga magoti akakitazama, akakitambua, na kicheko kikamtoka. Si kicheko cha bibi harusi, wanangu. Kilikuwa kile kile cha kuwashinda wavulana, kimejaa kifua.

Akanyanyuka akakimbilia dirishani, mikono bado ameitandaza, peremende zimenasa kwenye nywele.

"Idrissa!" akaita kwa sauti ya kufika bandarini. "Leo naanza mimi!"

Kule ng'ambo tukasikia kishindo. Baadaye nikaambiwa Idrissa alisimama ghafla akaipindua stuli, na stuli ikampindua Bwana Sefu. Halafu ikaja sauti ya Idrissa, inapasuka katikati kama ya mvulana anayebaleghe:

"Anza! Anza wewe! Kila siku anza wewe!"

Vigelegele vilivyopigwa! Wanawake walishikana, wanacheka, wanafuta machozi, watoto kichochoroni wanarukaruka bila kujua kwa nini. Mpakaji hina peke yake ndiye aliyekuwa akilia kweli, maana Sabra alikwisha kuwapaka mashangazi wawili mgongoni.

Halafu mmoja mmoja tukakumbuka, tukageuka kumtazama Bi Thureya.

Alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake. Kipande cha kioo cha sukari kilikuwa kimemwangukia mapajani. Nikaliona jiko langu lote linapakiwa kwenye gari la ng'ombe. Bi Thureya akakiokota kipande kwa vidole viwili, akakitazama kwenye mwanga, akakitia kinywani. Akatafuna bila haraka.

"Ndimu imezidi," akasema.

Basi. Hakusema jingine. Mikono ya Sabra ikapakwa upya, na harusi ikawa.

Baada ya hapo maombi yalimiminika. Nilitundika maboksi ya kiulizo kwenye harusi, kwenye hitima za watoto wa chuo waliomaliza msahafu, kwa wageni waliofika kutoka Muscat. Niliyatia kila kitu kinachoweza kuliwa na vingi visivyoweza. Nimevunja, nimechoma, nimeyeyusha. Mkitaka kujifunza kazi hii, muwe tayari kucheka wakati kitu chenu kinamwagika, kwa sababu kitamwagika.

Lakini lile ninalolipenda zaidi sikulipikia harusi. Wiki chache baada ya Sabra kwenda kwake, nikasikia bakora inagonga ngazi, na Bi Thureya akaingia jikoni kwangu. Miaka yote ile hakuwahi kuteremka kunako jiko. Nikaruka kumpa stuli, akakataa kukaa.

"Zuwena. Nataka lile boksi."

"Naam, Bibi. Harusi ya nani?"

"Harusi ya nani! La kwangu."

"Ndani nitie nini, Bibi?"

Akaniangalia kama mwalimu anayemwangalia mwanafunzi mzito. "Ukinambia, litakuwa na kiulizo cha nini?"

Nililipika kwa moyo wote, ndimu kiasi. Nikenda madukani Darajani nikamnunulia vile wanavyonunuliwa watoto Sikukuu: gololi, puto, pipi za kijiti, na filimbi ya plastiki nyekundu. Nikampandishia, nikamtundikia, akanambia niende zangu na nifunge mlango.

Nikashuka nikasimama dirishani. Juu pakawa kimya. Halafu bakora: *kach!* Gololi zikamiminika sakafuni na kubingirika kila upande. Kimya tena, kirefu kidogo. Halafu filimbi ikalia. Mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu zote za kifua.

Bwana Sefu akatoa kichwa dirishani kwake.

"Nani anapuliza filimbi huko juu?"

"Bi Thureya."

Akanitazama, akatazama juu, akanitazama tena.

"Bi Thureya gani?"